Uzi maalum: Unataka gari la zamani? Kabla hujatoa hela, fuata njia ya maji

Tochi_na_Sumaku

Habari zenu wakuu. Mwezi huu watu watatu wamenitumia ujumbe wa pembeni wakiuliza jambo lile lile: nimeona gari la zamani, injini inanguruma vizuri, rangi safi, ninunue? Nimeona heri niandike hapa wote wasome, na wanaojua zaidi yangu wanisahihishe.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu. Gari langu la kwanza la zamani nililinunua likiwa limetoka kupigwa rangi. Nilisimama nusu saa nzima nikisikiliza injini, nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa moshi. Kuinama chini sikuinama. Mwezi wa tano rangi ikatoa malengelenge madogo kwenye kona ya chini ya mlango wa dereva, kama ya ngozi iliyoungua. Nikalipeleka kwa fundi bodi nikidhani ni kazi ya siku moja. Alipokwangua kidogo, bisibisi ikazama. Ndani hapakuwa na bati. Palikuwa na wavu, pati (ule udongo laini wa kujazia mabonde ya bodi, ukikauka unakuwa mgumu na kupakwa rangi juu), na magazeti yaliyosokotwa, bado yana unyevu. Kizingiti chote cha upande ule, yaani ule mhimili wa bati unaopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kilikuwa kimekwisha. Upande wa pili vivyo hivyo. Ile injini niliyoisikiliza kwa makini inafanya kazi hadi leo, imefungwa kwenye gari la mtu mwingine. Bodi iliuzwa kwa kilo.

Tangu siku ile naanza na bodi. Injini hushushwa ikarudishwa ndani ya siku chache, na giaboksi hivyo hivyo. Bodi iliyooza inakudai kila kitu: viti vitoke, kapeti litoke, vioo vitoke, waya zisogezwe, kisha ndipo kukata na kuchomelea kuanze, na kazi ikiisha gari liwe bado limenyooka.

Sasa kutu yenyewe. Chuma kinahitaji vitu viwili tu ili kishike kutu: maji na oksijeni iliyo hewani. Chumvi huongeza kasi kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya kemia na umeme kwa pamoja. Ndiyo maana gari lililoishi kando ya bahari, au lililotoka nchi za baridi ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, hukaguliwa kwa jicho kali zaidi. Lakini hata gari la sehemu kavu huoza pale maji yanapolala. Kwa hiyo nikifika kwenye gari najiuliza: mvua ikilinyeshea hili, maji yanaingilia wapi, yanateremkia wapi, yanalala wapi? Naifuata njia hiyo kwa tochi, kutoka juu kwenda chini.

Juu naanza na vifereji vya pembeni mwa paa na raba za kioo cha mbele na cha nyuma. Bonyeza raba kwa kidole. Ikiwa imekauka na kupasuka, maji yamekuwa yakipita chini yake kwa miaka, na bati lililo chini ya raba huoza bila kuonekana. Dalili yake ni rangi iliyovimba kidogo kwenye kona za chini za kioo. Hapo usiharakishe kupita, maana maji yanayoingilia kwenye kioo cha mbele huteremka nyuma ya dashibodi na kuishia miguuni mwa dereva na abiria, na ya kioo cha nyuma huishia kwenye buti.

Fungua boneti. Chini ya kioo cha mbele kuna chemba ya kuingizia hewa ya ndani, na magari mengi yana matundu hapo ya kutolea maji. Majani makavu yakiyaziba, chemba inageuka beseni. Ingiza mkono utoe majani. Ukitoa udongo mweusi uliooza, basi umeshajua utakachokuta chini ya kapeti.

Kapeti ni lazima liinuliwe. Muuzaji akikataa usiguse kapeti, mshukuru, panda gari lako urudi nyumbani. Gusa na lile godoro la chini yake, kwa sababu kapeti hukauka juu huku godoro likibaki na maji. Kisha buti: toa tairi la akiba, angalia shimo lake, angalia na mifuko ya pembeni nyuma ya taa.

Milango huoza kutokea chini. Kila mlango una vitundu kwenye ukingo wa chini vya kutolea maji yanayopita pembeni mwa kioo. Vikizibwa na vumbi au na rangi mpya, maji yanalala ndani. Pitisha kidole chini ya ukingo wote.

Vifaa vyangu havizidi mfuko mmoja: tochi kali, sumaku ndogo niliyoivisha kitambaa isikwaruze rangi, bisibisi butu, kioo kidogo chenye mpini, na turubai la kulalia. Sumaku ni ya kutafuta pati. Bati la bodi ni jembamba, kwa kawaida karibu na milimita moja au pungufu, na sumaku hulishika kwa nguvu. Ipitishe polepole juu ya matao ya magurudumu, chini ya milango, na kwenye kona za madigadi. Pale inapolegea au kudondoka, chini yake kuna pati au faibaglasi. Mwenye kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi: rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya maikromita 80 na 150, na gari lililopigwa rangi upya husoma zaidi ya hapo. Ukikuta namba zinaruka hadi elfu na zaidi, hiyo si rangi tena.

Mambo ya chini ya gari nawaachia mafundi waje, maana ni marefu.

Karbureta68

Nimesoma yote. Umesahau jambo moja la usalama: asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Weka stendi, tena kwenye sehemu ngumu. Na kwenye gari lenye kutu sehemu ya kuwekea stendi yenyewe inaweza kubomoka, kwa hiyo ikague kabla hujaitegemea.

Tochi_na_Sumaku

Asante sana mkuu. Hilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza.

FundiBati

Salaam wote. Kazi yangu kwa miaka mingi ni bodi, kunyoosha na kuchomelea. Mwandishi amesema vizuri, niongeze ya chini.

Kabla ya kulala chini, jua gari lako limeundwaje. Kuna magari yenye chesisi ya peke yake, ngazi ya vyuma vinene, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Land Rover za zamani na Land Cruiser FJ40 ni za namna hiyo. Na kuna magari ambayo bodi yenyewe ndiyo chesisi: sakafu, vizingiti, nguzo za milango na paa vimechomelewa pamoja na vinabeba uzito kwa pamoja. Peugeot 504, Mercedes W123, Mini, na saluni nyingi za miaka ya 1960 kuja mbele ziko hivyo. Kwenye aina hii ya pili kizingiti kilichooza ni mfupa uliovunjika. Watu hukiona kama urembo kwa sababu kimepakwa rangi, kumbe ndicho kinachozuia gari lisijikunje katikati.

Kuna jaribio ninalolipenda kwa gari lisilo na chesisi. Fungua na ufunge mlango wa mbele gari likiwa limekaa chini, sikiliza unavyofunga, tazama upenyo kati ya mlango na nguzo ya nyuma yake. Kisha inua upande ule kwa jeki kwenye sehemu yake ya kiwandani, tairi liache kidogo ardhi, ufungue na kufunga tena. Mlango ukigoma, au upenyo ukibadilika waziwazi, bodi imelegea. Na kama bati linalia na kukunjika pale jeki inapogusa, shusha gari taratibu, ukaguzi umeisha.

Usichanganye na bawaba zilizochakaa. Hizo utazijua kwa kushika mlango ulio wazi na kuuinua kwa mikono miwili: ukicheza juu chini, ni bawaba. Ila angalia kinachocheza ni pini ya bawaba au ni nguzo yenyewe iliyoshika bawaba.

Sauti pia inasema. Gonga kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kwenye vizingiti na mihimili. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkavu. Kilichooza kinatoa sauti ya karatasi, na ukisikiliza vizuri utasikia chembe zikidondoka ndani. Omba ruhusa kwanza, si gari lako.

Halafu lami. Gari la miaka arobaini ambalo chini yake kote kumepakwa lami mpya nyeusi wiki iliyopita linataka maelezo. Lami nzuri juu ya chuma safi ni kinga. Lami juu ya kutu ni blanketi: inafungia unyevu ndani na inamficha mnunuzi. Nikiona lami mpya natafuta kingo. Kiraka kilichochomelewa huacha mstari ulioinuka, na lami haiwezi kuuficha mstari huo mbele ya tochi inayomulika kutoka ubavuni. Weka tochi sambamba na bati, usimulike moja kwa moja.

Mgeni_Nuru

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiye mmoja wa wale waliouliza pembeni. Nimepata Mercedes W123, mwenyewe anasema ni la 1982, dizeli. Jumamosi naenda kuliona. Marehemu baba aliendesha gari la aina hii nikiwa mdogo na nimelitafuta kwa muda mrefu, kwa hiyo naogopa moyo utanitangulia. Niangalie wapi hasa?

Tochi_na_Sumaku

Marahaba dada Nuru, na pole kwa baba. W123 zilitengenezwa kati ya 1976 na 1985, karibu milioni 2.7, kwa hiyo nzima zipo. Usione kwamba hilo ndilo la mwisho duniani.

Kwenye gari hili maji yana njia zake. Chemba ya hewa chini ya kioo cha mbele, kama nilivyoandika juu, ikiziba maji yanaishia sakafu ya mbele. Kama paa lina dirisha la kufunguka, kuna mirija inayoshusha maji kupitia ndani ya nguzo. Mwombe mwenye gari ruhusa umwage kikombe kidogo cha maji kwenye kifereji cha dirisha hilo uone kama yanatokea chini, nje. Yasipotokea, yamebaki ndani ya gari. Angalia chini ya betri, kwa sababu tindikali humwagika na kula bati lake. Angalia madigadi za mbele kuzunguka taa na nyuma ya gurudumu. Hizo zimefungwa kwa bolti na hubadilishwa, kwa hiyo zisikukatishe tamaa. Kisha matundu manne ya kuwekea jeki kwenye vizingiti, mawili kila upande. Yameziba kwa vifuniko vya raba na watu wengi hawavitoi. Wewe vitoe, ingiza kidole na tochi.

La mwisho, na hapo ndipo penye uzito: pale ambapo mhimili wa nyuma unaobeba difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na mikono ya magurudumu umeshikiliwa na sakafu, usawa wa kiti cha nyuma. FundiBati atakueleza vizuri zaidi.

FundiBati

Hapo pana bolti kubwa yenye bushi ya raba kila upande, na bati la sakafu limeimarishwa kwa tabaka zaidi ya moja. Shida ya tabaka ni kwamba maji yakiingia katikati hayatoki. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara kadhaa, kwa hiyo inasukuma mabati yaachane. Utaona maungio yamevimba kama mkate. Ukiona hivyo, usidanganywe na juu palipopakwa rangi. Inua na kiti cha nyuma, tazama sakafu kutokea juu pia.

SpanaKumiNaTatu

Samahani kuingilia. Mimi nimejaribu sumaku kwenye Land Rover Series III ya jirani na haikushika popote, si mlango, si boneti, si madigadi. Ina maana gari zima ni pati??

Tochi_na_Sumaku

Hapana kaka, usimtishe jirani. Mabati ya nje ya Land Rover hizo ni ya aloi ya aluminiamu, na sumaku haishiki aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo ikatumika aluminiamu.

Sumaku yako ipeleke kwenye vya chuma: chesisi, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukuta huo huoza miguuni na kwenye nguzo zinazoshika bawaba za milango. Chesisi ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, na huoza kutokea ndani kwenda nje, hasa mhimili wa mwisho kabisa nyuma, kwa kuwa tope la magurudumu hulala hapo. Gonga chini ya boksi kuliko juu.

Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye bolti na ribiti, palipo na unyevu metali hizo mbili zinafanya kama betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Utaona unga mweupe na rangi iliyoinuka. Huo unga mweupe ndiyo "kutu" ya aluminiamu.

SpanaKumiNaTatu

Nimeelewa sasa. Nilikuwa nimeshamwambia jirani apeleke malalamiko kwa aliyemuuzia. Naenda kumwomba radhi.

Bibi_wa_Beetle

Naomba niwaongezee wapenzi wa Volkswagen Beetle, maana yangu niko nayo tangu watoto wangu wako shule ya msingi na wajukuu sasa wanaiendesha.

Beetle haina radieta, inapoozwa kwa hewa, na joto la ndani huletwa kutoka kwenye injini iliyo nyuma kupitia ndani ya vizingiti vya kushoto na kulia. Yaani vizingiti vile ni mabomba ya hewa na pia ni mihimili ya bodi. Vikioza, unapoteza vyote viwili. Bodi nzima imefungwa kwa bolti juu ya sakafu kupitia vizingiti hivyo, kwa hiyo kuvibadilisha vizuri ni kazi ya kutenganisha bodi na sakafu. Mtu akikuambia "nilichomelea kidogo tu pembeni", muulize alichomelea nini juu ya nini.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma, kwenye sakafu. Inua kiti. Sehemu ile ndiyo ya kwanza kutoboka kwa sababu ya tindikali. Mimi nilitobokwa mwaka wa pili, nikakata bati lote lililoliwa, nikaweka jipya, na tangu hapo betri inakaa juu ya sinia la plastiki. Halijarudi tatizo.

Mbele, angalia shimo la tairi la akiba, na chini ya tangi la mafuta, pale sakafu inapokutana na ekseli ya mbele. Hapo palipooza pana hatari kwa usukani, msipachukulie kirahisi.

Karbureta68

Shikamoo bibi, mchango mzuri.

Ila wakuu, niwe mkweli. Tukiendelea hivi tutawatisha watu wasinunue kabisa. Gari la miaka arobaini au hamsini lisilo na chembe ya kutu ni nadra sana. Mimi nimenunua yenye kutu na ninaendesha. Kutu ya juu juu unakwangua kwa brashi ya waya, unapaka dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi, umemaliza. Tuwaeleze watu ipi ni ya kuogopa na ipi ni ya kuishi nayo, badala ya kusema kutu, kutu, kutu.

FundiBati

Uko sahihi ndugu yangu, na nakubaliana nawe nusu.

Kutu ya juu, ile rangi ya chungwa kama vumbi na chini yake chuma bado kigumu, haiharibu mpango. Dawa za kugeuza kutu, zile za tindikali ya fosforasi au za tanini zinazogeuza kutu kuwa nyeusi, zinafanya kazi hapo, mradi umekwangua kwanza yote iliyolegea. Inayofuata ni kutu iliyochimba: ukikwangua unakuta vishimo, chuma kimepungua unene. Hapo napima ni sehemu gani. Kwenye mlango, madigadi, boneti, nasema tutaona. Kwenye mhimili, nakata. Na iliyotoboa, ile bisibisi inapita, haina dawa ya chupa. Ni kukata hadi ufike kwenye chuma king'avu na kuchomelea bati jipya la unene ule ule.

Nusu nisiyokubaliana nayo ni hii: wewe unaijua kutu yako kwa sababu uliikwangua mwenyewe. Mnunuzi anaona upande mmoja tu wa bati, tena wenye rangi. Vizingiti huoza kutokea ndani. Lengelenge moja nje mara nyingi lina maana kutu imeshapita unene wote wa bati. Kwa hiyo likionekana lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi, mimi nahesabu sehemu iliyooza kwa ndani kuwa ya kiganja, na mara nyingi nikikata nakuta zaidi.

Na viraka. Kiraka kinachopachikwa juu ya bati bovu bila kulikata kinaacha chemba kati ya mabati mawili. Maji yanaingia humo, yanakaa. Nimekata magari yenye viraka vitatu kimoja juu ya kingine, kama vitunguu. Nimekuta vizingiti vilivyojazwa povu la ujenzi, linashika maji kama sifongo. Kazi ya aina hiyo inaniuma, kwa sababu kuna familia inakaa ndani ya gari lile ikiamini iko salama.

Karbureta68

Nimekuelewa fundi. Hapo kwenye upande mmoja wa bati sina la kusema.

Tochi_na_Sumaku

Niongeze viwili vinavyosahaulika. Mabomba ya breki ya chuma yanayopita chini ya gari huoza kwenye vishikizo vyake, pale tope linaposhika. Ukaguzi wa haraka: gari limesimama, injini inawaka, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kama sekunde thelathini. Pedali ikizama polepole, usiliendeshe hata kulijaribu. Inaweza kuwa masta silinda, yaani pampu ya breki, inaweza kuwa bomba linalovuja, vyovyote vile halitembei.

Na tangi la mafuta. Gari lililokaa muda mrefu tangi likiwa nusu hushika kutu upande wa ndani, juu ya usawa wa mafuta. Tazama filta kama ina mchanga mwekundu.

Dada Nuru, Jumamosi njema. Nenda mchana, gari likiwa kavu na halijaoshwa. Maji juu ya rangi huficha mabadiliko ya mng'ao.

Mgeni_Nuru

Nimerudi. Naandika nikiwa bado na vumbi.

Kwa mbali lilinitoa machozi. Rangi ile ile, usukani ule ule mkubwa, hata mlio wa mlango. Nikakaa kwenye kiti dakika mbili, kisha nikatoka nikachukua tochi kama mlivyoniagiza.

Chemba ya hewa: nimetoa majani mikono miwili. Kapeti la mbele kushoto kavu juu, godoro la chini limelowa chapa. Sakafu hapo ina tundu linalopitisha kidole gumba. Madigadi za mbele zina malengelenge, sumaku inashika vizuri kwingine, ila kwenye tao la gurudumu la nyuma kulia inadondoka sehemu yenye urefu wa kiganja. Matundu ya jeki: matatu mazima, la nyuma kulia limejaa kitu cha mpira mpira kilichopakwa rangi. Milango inafunga sawasawa. Chini ya betri pazuri kabisa.

Lile la FundiBati ndilo limenichanganya. Chini kote kumepakwa lami mpya, na pale kwenye bolti za mhimili wa nyuma ni nene zaidi kuliko kwingine. Nilimulika kutoka ubavuni. Kulia nimeona mstari ulioinuka, mraba kabisa. Nimemwomba mwenye gari nikwangue kidogo akakataa. Hakukasirika, ni mtu mzima mpole, anasema yeye alilinunua hivyo hivyo na hajui kilicho chini. Namwamini. Nifanyeje?

FundiBati

Dada, umekagua kuliko wengi wanaoniletea magari.

Sakafu ya mbele inatengenezeka, ni bati la wazi, linafikika. Madigadi utabadilisha. Ila unganisha vitatu hivi: tao la nyuma kulia pati, tundu la jeki la nyuma kulia limejazwa, na kiraka cha mraba kwenye mhimili wa nyuma kulia. Vyote vitatu viko kona moja. Kona ile yote imeoza, na aliyetengeneza alikuwa anafuata matobo moja moja badala ya kukata.

Mwambie mwenye gari kwa heshima: utalipia wewe ukaguzi, liinuliwe kwenye lifti ya fundi mtakayemkubali wote, lami ikwanguliwe ukubwa wa kiganja tu pale kwenye bolti, na mkishindwana ipakwe tena. Kama naye hajui kilichopo chini, atataka kujua.

Bibi_wa_Beetle

Na mwanangu, usiende peke yako. Nenda na mtu asiyelipenda gari hilo.

Mgeni_Nuru

Amekubali. Leo asubuhi tumelipeleka, nimekwenda na kaka yangu ambaye magari hayamhusu.

Fundi alikwangua. Kiraka kimechomelewa juu ya bati lililooza, pembeni hakijashika, kucha inaingia. Alipobonyeza kwa bisibisi karibu na bolti, bati likakunjika, na kutoka kwenye ungio yakadondoka magamba mekundu kiasi cha kujaza kijiko. Alipoinua kiti cha nyuma, kwa juu pamebandikwa zulia jipya kwa gundi, na chini ya zulia unaona mwanga wa tochi yake kutokea chini. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yetu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mke wake na mjukuu wamekuwa wakikaa kiti kile kile.

Nimeliacha. Yeye ameamua lisitembee hadi kona ile ikatwe na kutengenezwa upya, na fundi amemkubalia. Mimi nimelia kidogo njiani, kaka akaendesha.

Kuna jingine, la 1979, lina rangi iliyofifia na dalili za kutu zinaonekana wazi, halijaguswa. Naenda kuliona wiki ijayo. Kabla ya hapo, FundiBati, nakuomba: unaweza kuniwekea picha ya pale kwenye bolti ya nyuma kwenye gari lililo zima? Nimeona iliyooza, sijawahi kuona nzima ikoje.

FundiBati

Kesho asubuhi. Kuna moja liko juu ya stendi hapa kwangu, halijawahi kupakwa lami. Nitapiga pande zote mbili, na kutoka juu pia kiti kikiwa kimetoka.